Kilichotwaliwa kwa Jina la Umma Kirudi kwa Wenyewe

Serikali inapoitaka nyumba ya mtu haisemi kwamba inaitaka. Husema kwamba umma unaihitaji. Neno hilo, umma, ndilo tingatinga la kwanza kufika uani; lile la chuma hufuata baadaye, na aghalabu hukuta watu wamekwisha kunyamaza kwa haya, kwani ni nani apendaye kusimama hadharani akaonekana adui wa maendeleo ya wenzake? Sisi wapenda mabadiliko wa Bungoma na Kitale tunataka kuliuliza neno hilo maswali machache. Umma ni nani? Ulikutana wapi ukaamua? Na umma ukishachoka na kile ulichokitwaa, je, hukirudisha kwa mwenyewe, ama hukikabidhi kwa mfanyabiashara?

Tunauliza kwa sababu mwezi wa Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa makampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 30. Kiwanda cha Nzoia, kilicho kati ya mji wa Bungoma na Webuye, kilikwenda kwa West Kenya Sugar, kampuni yenye makao yake Kabras katika Kaunti ya Kakamega. Habari hiyo ilizusha maneno mengi: mishahara ambayo wafanyakazi walikuwa wakiidai, malipo ya wakulima waliopeleka miwa wasione senti, mitambo iliyochakaa. Yote hayo ni madai ya haki, nasi tunayaunga mkono. Lakini kuna jambo lililopita bila kutazamwa sana. Kiwanda hakikukodishwa peke yake. Kilikwenda pamoja na shamba lake kuu, na shamba hilo lina historia ambayo mkataba wowote wa kukodisha hauwezi kuifuta.

Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na ikaanza kusaga miwa mwaka 1978. Ili kiwanda kisikose miwa hata pale wakulima wa nje watakapochelewa kuvuna au kugoma, kilihitaji shamba lake chenyewe kukizunguka. Shamba hilo halikupatikana nyikani, kwa kuwa Bungoma ya miaka ya 1970 haikuwa na nyika. Palikuwa na maboma, migomba, mahindi, mazizi ya ng'ombe na makaburi. Serikali ikaitwaa ardhi hiyo kwa nguvu za sheria, ikawalipa wenyewe fidia kwa kadiri ilivyoona yenyewe kuwa yatosha, nazo familia zikafungasha vyombo na kuondoka. Malalamiko juu ya fidia hiyo hayakwenda kaburini na wale walioipokea. Wana wao wameyarithi, na sasa wajukuu.

Tusimame kidogo hapa kwenye fidia, maana ndipo watetezi wa serikali hukimbilia. Husema: walilipwa, wanataka nini zaidi? Basi tuitazame hiyo fidia ilivyofanya kazi. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ilipitishwa mwaka 1968, ikiegemea kifungu cha 75 cha katiba ya zamani, kilichoruhusu mali ya mtu kutwaliwa kwa lazima kwa shabaha kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuitumia mali hiyo kwa namna itakayoleta manufaa kwa umma. Waziri alithibitisha kwamba haja ipo, Kamishna wa Ardhi akaitangaza katika gazeti rasmi la serikali, mthamini akaja na kamba na daftari, akahesabu miti na mabati. Juu ya thamani ya soko sheria iliongeza asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu.

Asilimia 15! Tungependa kumwona huyo mthamini aliyejua kuupima usumbufu kwa kiwango hicho. Kwa Wabukusu, mvulana hutahiriwa uani kwa babake, asubuhi na mapema, Agosti ya kila mwaka wa pili, ukoo mzima ukitazama. Uani huo ndio shahidi kwamba mtoto huyu ni wa watu hawa na mahali hapa. Mzee aliyetwaliwa boma lake, akapewa hundi, akapanga chumba sokoni, atamsimamisha mwanawe uani kwa nani? Na wazazi wake waliolala chini ya mgomba, waliandikwa katika safu gani ya daftari? Kuna vitu ambavyo soko halina bei yake, na aliyelazimishwa kuviuza hakuviuza. Alinyang'anywa, kisha akapewa stakabadhi.

Isitoshe, hundi iliandikwa kwa jina lililokuwa kwenye hati, na katika nchi hii jina hilo kwa kawaida lilikuwa la mwanamume. Mama aliyeilima ile ardhi, aliyeijua kila pembe yake, aliyewazaa watoto humo, hakuulizwa wala hakutia kidole gumba. Shilingi nazo zina tabia ya kuyeyuka mkononi. Ardhi haina tabia hiyo. Aliyepokea fidia katika miaka ya 1970 na asinunue ardhi mara moja, leo hana fidia wala ardhi, ilhali aliyepokea ardhi angali anayo na anaweza kuikodisha kwa mwenzake miaka 30.

Wasomaji wetu walio wengi ni watu wa kanisa, na kwa hiyo hatuna haja ya kuwasimulia kwa kirefu kisa cha Nabothi Myezreeli, kilichomo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Tunachotaka kukumbusha ni jambo linalosahauliwa na wahubiri wengi: Ahabu hakuanza kwa ukatili. Alianza kwa kutoa fidia. Alimwahidi Nabothi shamba bora kuliko lake, au fedha kamili ikiwa angependelea fedha. Hata mfalme yule mwovu aliahidi kile ambacho Sheria ya 1968 haikumlazimu mtu kukitoa, yaani ardhi kwa ardhi. Nabothi akakataa, si kwa sababu bei ilikuwa ndogo, bali kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Hapo ndipo Yezebeli alipoingia kazini na karatasi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji, nao wazee wakatii. Mtu aliyewahi kuona barua ya ugavi wa ardhi iliyotoka Nairobi ikiwa na muhuri, ikamfikia chifu, naye chifu akaita askari wa utawala, hahitaji ufafanuzi wa kisa hicho. Na shamba lile lilitakiwa kwa ajili gani? Bustani ya mboga, karibu na nyumba ya mfalme. Hayo nayo bila shaka yangeitwa maendeleo.

Kwa watu wa magharibi mwa Kenya mchezo huu si mpya, wala haukuletwa na serikali ya watu weusi. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi za wenyeji, ikatangaza kwamba maeneo waliyotengewa yatakuwa yao milele. Sheria hiyo ilisema kwamba kipande chochote kikitwaliwa kwa haja ya umma, kipande kingine cha thamani ileile kitaongezwa mahali pake. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kaskazini, ambayo wakati ule ilizijumlisha hata sehemu hizi tunazoziita Bungoma. Wazungu wakamiminika na sururu. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa mjini Nairobi: pakitakiwa madini, hapana haja ya kuongeza ardhi nyingine, fedha zatosha. Kilio kilisikika hadi Uingereza, hata kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, lakini sheria ikabaki ilivyorekebishwa. Milele ile ilidumu miaka miwili. Tunawaomba wanaotutaka leo tuamini kwamba miaka 30 ni miaka 30 tu waikumbuke hesabu hiyo.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Trans Nzoia, kwa kuwa habari ya Bungoma haiwezi kuelezwa pasipo Kitale. Watu wengi wa Bungoma waliobanwa na uhaba wa ardhi walivuka kwenda huko baada ya uhuru, wakachangishana katika kampuni na vyama vya ushirika, wakanunua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Walinunua, tunasema, hawakupewa. Na ardhi yenyewe waliyouziwa walowezi hao walikuwa wameipata kwa utwaaji mwingine, pale serikali ya mkoloni ilipowagawia Wazungu nchi ya Wasabaoti na Wapokoti baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hivyo Kitale ni mahali ambapo dhuluma moja imelazwa juu ya nyingine kama matofali, na kila anayejenga juu huapa kwamba tofali la chini halimhusu.

Mwishoni mwa 1991 na katika mwaka wa 1992, wakati tulipokuwa tumeanza kupumua kwa kufutwa kwa kifungu cha 2A, moto ukawashwa katika Trans Nzoia na kuteremka hadi Bungoma. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakalala katika viwanja vya makanisa na masoko. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza mapigano hayo, na taarifa yake ya Septemba 1992 iliwataja watu wakubwa serikalini kuwa wachochezi. Fikiria basi mtu aliyetwaliwa boma lake Bungoma kwa ajili ya miwa, akaichukua fidia yake ndogo, akaenda kununua ekari chache upande wa Kitale, kisha mwaka 1992 akakimbia na godoro kichwani. Mtu huyo amefukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa gazeti rasmi, mara ya pili kwa mshale. Akufukuzaye hakwambii toka.

Hukohuko Trans Nzoia yalikuwako mashamba makubwa ya Shirika la Ustawishaji wa Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965 ili kuyapokea mashamba ya walowezi na kuyatunza kwa niaba ya taifa. Hayo yalikuwa mali ya umma kwelikweli. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi mashamba ya shirika hilo yalivyokatwakatwa kwa kisingizio cha kuwapa makao wasio na ardhi, kisha vipande vinono vikaangukia mikononi mwa wakubwa na jamaa zao. Tume hiyo ilikadiria kwamba hati zilizotolewa nchini kinyume cha sheria tangu 1962 hadi 2002 zilikuwa takriban 200,000, na nyingi mno kati yake zilitoka baada ya 1986. Ilieleza pia kwamba ugavi ulikuwa ukivimba kila uchaguzi ulipokaribia. Yaani ardhi ya umma ilitumika kununua umma.

Hapo ndipo kilipo kiini cha malalamiko yetu. Katika Bungoma, serikali ilitwaa kwa watu binafsi ikasema ni kwa ajili ya umma. Katika Kitale, iligawa kilichokuwa cha umma ikawapa watu binafsi. Weka mambo hayo mawili pamoja utaona kwamba umma ulikuwa daraja tu, mahali pa kupitia. Mali ilitoka kwa mnyonge, ikapita kwa umma ili itakaswe, ikafika kwa tajiri. Kama serikali ingemwambia mzee wa Bungoma katika mwaka 1975 kwamba boma lake litatwaliwa ili siku moja mfanyabiashara alipangishwe, mahakama yoyote yenye macho ingeikataa kazi hiyo. Je, kwa kuwa ilichukua miaka hamsini, imekuwa halali?

Vijana waliojiunga nasi karibuni hutuuliza kwa nini jarida la kupigania vyama vingi linajishughulisha na mabati na makaburi. Jibu ni kwamba harakati hizi zilizaliwa palepale. Tarehe 3 Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walisimama wakadai vyama vingi hadharani. Mwezi uo huo, tarehe 25, askari wa baraza la jiji la Nairobi na polisi walivamia Muoroto, mtaa wa vibanda karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, wakabomoa makao ya maelfu ya watu. Damu ilimwagika. Viongozi wa makanisa wakalaani, na serikali ikawajibu kwa matusi. Kisha ikaja Saba Saba. Mwananchi aliyeshuhudia nyumba yake ikibomolewa asubuhi, na mchana akaambiwa kwamba hakuna chama kingine cha kumpelekea malalamiko, alifahamu maana ya chama kimoja kuliko mwanachuo yeyote.

Hata hapa kwetu, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikuwa akiwakemea wanyakuzi wa ardhi bila kuangalia vyeo vyao. Alifariki barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirejea kutoka Busia, mahali alipokuwa ameonywa na waziri asikanyage. Miaka miwili baadaye, tarehe ileile ya 14 Agosti, mzee Masinde Muliro, aliyekuwa mbunge wa Cherangany na mmoja wa waanzilishi wa FORD, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Hatusemi lolote juu ya sadfa ya tarehe hizo. Tunasema tu kwamba watu hao wawili hawakulitenga suala la kura na suala la boma.

Tukiri hata hivyo jambo lililo wazi. Vyama vingi vilipatikana, na nyumba zimeendelea kubomolewa. Tumebadilisha serikali kwa kura, tumepata katiba mpya mwaka 2010, na mkodisho wa Nzoia umefanywa chini ya katiba hiyohiyo. Kwa hiyo wingi wa vyama si ukuta wa nyumba. Unampa mtu mahali pa kulalamikia, haumzuii mbomoaji.

Wala mtu asitudanganye kwamba haya ni maradhi ya nchi changa. Huko Marekani, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Connecticut, wakuu wa mji waliamua kuutwaa mtaa wa Fort Trumbull ili ujengwe hoteli, ofisi na makao ya watu wenye uwezo, jirani na kituo kipya cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Muuguzi mmoja, Susette Kelo, mwenye nyumba ndogo ya rangi ya waridi, akakataa kuhama. Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na mwezi wa Juni 2005 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mji una haki: kuongeza kazi na kodi ni manufaa ya umma ya kutosha. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyepinga, alionya kwamba kwa kanuni hiyo hakuna nyumba iliyo salama, maana daima atapatikana tajiri awezaye kuitumia ardhi kwa faida kubwa zaidi. Yaliyofuata yanastahili kusomwa kanisani. Nyumba zikaondolewa. Mradi haukujengwa. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kwamba inaondoka New London. Miaka mingi baadaye mahali pale palikuwa kiwanja cha majani na paka wasio na wenyewe. Ila Wamarekani walighadhibika, na zaidi ya majimbo 40 yakabadilisha sheria zake ili kuuzuia au kuupunguza utwaaji wa namna hiyo. Sisi je, tumeghadhibika?

Tunazijua hoja za upande wa pili, na si zote za kudharauliwa. Mkulima wa Bumula aliyeacha miwa ikaukia shambani kwa kukosa wa kuisaga hataki mahubiri juu ya Ahabu. Anataka kiwanda kinguruma. Mfanyakazi aliyekaa miezi bila mshahara anataka mwajiri anayelipa. Serikali ilikiendesha kiwanda hicho vibaya hata kikazama katika madeni, na hatuna hamu ya kukirudisha mikononi mwa wale waliokizamisha. Watu wa Webuye wana ushahidi wa mitambo iliyonyamaza: Pan Paper ilifungwa mwaka 2009, mji ukadhoofika, na mwaka 2016 kiwanda kikauzwa kwa shilingi milioni 900, bei iliyowaacha wengi midomo wazi. Pengine mashine za Nzoia zilihitaji mwekezaji. Hatubishani juu ya mashine.

Tunabishana juu ya udongo. Mashine zilinunuliwa kwa fedha za umma, na umma waweza kuzikodisha. Udongo ulitwaliwa kwa wenyewe kwa sharti maalumu, kwamba umma wenyewe unauhitaji. Umma unapotamka kwa kinywa chake kwamba hauwezi tena kazi ile, sharti limekufa. Watatuambia kukodisha si kuuza, na kwamba ardhi ingali ya serikali. Vyema. Mtoto aliyezaliwa wakati mkataba ulipotiwa sahihi atakuwa na miaka 30 utakapokwisha. Atakuwa ametahiriwa, ameoa, amezaa, na hajakanyaga uani kwa babu yake. Kwake yeye tofauti ya kukodisha na kuuza iko wapi?

Na hili si wazo la ndoto zetu. Limo katika sheria za nchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 110, inasema kwamba ikiwa ardhi ilitwaliwa kwa lazima, kisha manufaa ya umma yaliyoitetea kazi hiyo yakashindikana au yakakoma, Tume ya Taifa ya Ardhi yaweza kuwapa wenyewe wa awali au warithi wao nafasi ya kwanza ya kuipata tena, mradi warudishe fedha walizolipwa. Soma tena maneno hayo. Bunge letu lilijua. Lilikwisha kuona kwamba kesi kama ya Nzoia ingeweza kutokea, likaacha mlango. Shida ni neno moja dogo: yaweza. Tume yaweza, na pia yaweza isifanye. Serikali itadai kwamba kusaga sukari bado ni manufaa ya umma hata msagaji akiwa mtu binafsi. Hilo ndilo swali tunalotaka liulizwe mbele ya jaji, kwa sauti, na wenye ardhi wakiwepo. Mgala muue na haki yake mpe.

Ndugu zetu wa mjini Kitale, wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa, wasidhani kwamba mjadala huu ni wa wenye hati peke yao. Wao hawana hata karatasi ya kunyang'anywa, na kwa hiyo mwekezaji akitokea huambiwa tu waondoke, bila mthamini wala asilimia 15. Lakini Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011, ilitamka kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao katika ardhi ya umma, ingawa hawapati hati, wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Na tangu 2016 sheria inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kumhamisha mtu. Anayekuja usiku na tingatinga anavunja sheria, hata akiwa amevaa magwanda ya serikali. Jifunzeni hayo, myaandike kwa lugha zenu, myabandike milangoni.

Kwa viongozi wetu wa dini tuna neno moja lisilo tamu. Kuna viwanja ambavyo makanisa yalipewa na wakubwa katika siku za harambee, kwa barua ya ugavi na picha gazetini. Kabla hatujamwendea mfalme na habari za Nabothi, kila parokia na kila usharika uulize kiwanja chake kilitoka wapi na nani alikuwa akiishi pale. Eliya hakukubali kuonjeshwa mboga za ile bustani.

Madai yetu ni haya. Serikali itangaze hadharani orodha kamili ya vipande vya ardhi vilivyotwaliwa kwa ajili ya shamba kuu la Nzoia, majina ya waliovimiliki na kiasi alicholipwa kila mmoja. Mkataba wa kukodisha uwekwe mezani, kila ukurasa, mahali ambapo mkulima anaweza kuusoma. Tume ya Taifa ya Ardhi iwasikilize warithi papa hapa Bungoma, si Nairobi, na iamue kwa maandishi iwapo kifungu cha 110 kinawahusu ama hakiwahusu, ili asiyeridhika apate cha kupeleka mahakamani. Hadi hapo, kodi itokayo katika shamba hilo isiingizwe katika mfuko wa serikali. Iwekwe kando, kwa jina la familia zilizoondolewa. Na Bunge libadilishe lile neno yaweza liwe lazima.

Nanyi wasomaji mna kazi ya kufanya. Tafuteni katika masanduku ya wazazi wenu: hati za zamani, nambari za vipande, ilani za serikali, vipande vya hundi, barua kutoka kwa Kamishna wa Ardhi, hata picha ya harusi iliyopigwa mbele ya nyumba ambayo haipo tena. Andikeni majina ya waliozikwa katika shamba hilo na mahali makaburi yalipokuwa, mkiongozwa na wazee ambao bado wanaweza kutembea na kuonyesha kwa fimbo. Msitoe karatasi asili kwa mtu yeyote, awe diwani wa zamani au wakili mwenye gari zuri, toeni nakala. Mama wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume. Nakala zipelekwe kwa katibu wa parokia au wa usharika wenu kabla ya mvua ndefu, maana barabara za huku ndani zikilowa hatutaweza kuwafikia wote.